Siku moja maishani mwangu: afisa wa manowari na mkeka wa mieleka

Saa 9:30 usiku. Mlinzi ananitikisa bega na naamka nikiuma meno. Sikio la kushoto limevimba tangu juzi, na bega likisukumwa nalo linauma. Miaka ya kusuguana vichwa imeyafanya masikio yangu yote mawili magumu, yaliyokunjamana kama ngumi za mtoto.

Saa 9:45 nipo chumba cha usukani. Mimi huja robo saa kabla ya zamu, na si kwa bidii: macho yanahitaji muda kuzoea giza. Afisa ninayempokea ananitajia uelekeo, mwendo, na meli tatu zilizo karibu. Sisemi nimeshika zamu mpaka nizione mwenyewe.

Saa 11 alfajiri. Taa nyekundu, kidogo kulia kwa omo, yaani mbele ya meli yetu. Taa nyekundu hukaa ubavu wa kushoto wa meli, kwa hiyo huyu anatukata njia kutoka kulia, na kwa kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia kugongana, wa kupisha ni mimi. Nampima kwa dira mara tatu. Nyuzi ni zile zile, umbali unapungua. Tukiendelea hivi tutakutana, tena vibaya.

Nilipokuwa mgeni ningegeuza nyuzi 5, ningoje, kisha 5 tena. Ile ilikuwa tabia ya mkekani. Mwanamieleka hamwonyeshi mtu anakokwenda: unamgusa kichwa, unachezesha bega, akiinua mikono umeshaingia miguuni. Kamanda wangu wa kwanza aliniambia tabia hiyo itaua watu. Baharini unatangaza nia yako mapema, kwa nguvu, mpaka aliye na usingizi aione. Basi nageuza nyuzi 40 kulia kwa mkupuo mmoja. Yule aliyekuwa akiiona taa yangu ya kijani, ya ubavu wa kulia, sasa anaiona nyekundu. Tunapita nyuma yake kwa amani.

Saa 2 asubuhi nakabidhi zamu na kupanda mizani: kilo 76.4. Mimi hushindana uzito wa 74, mtindo huru, kwa hiyo kifungua kinywa kinakuwa kifupi. Kisha zoezi la kuzima moto, kisha makaratasi. Sina la kusema juu ya makaratasi.

Saa 7 mchana. Safari hii hatukubeba helikopta, na banda lake ndilo ukumbi wetu. Mkeka rasmi una duara la kipenyo cha mita 9. Wetu ni vipande tulivyounganisha, na ukuta uko karibu mno. Meli nayo inayumba. Nimejifunza kungoja: sitaha ikiinamia upande wa mwenzangu, uzito wake unahamia visiginoni, na hapo ndipo ninapoingia.

Ninayefanya naye mazoezi ni koplo wa chumba cha mitambo, mwenye mgongo kama mlango wa chuma. Kwa wiki mbili alikuwa na ugonjwa mmoja: kabla ya kunirusha alinong'ona, "Samahani, afande." Heshima nzuri, lakini nilikuwa nikiisikia tu nashusha nyonga, amekwama. Jana nikamwambia adabu hiyo aiache mlangoni pamoja na viatu. Leo amekaa kimya. Kipindi cha kwanza cha dakika 3 hakijaisha nimeshaangushwa mara mbili, pointi 4 zimekwenda. Nimekasirika kidogo, nakiri.

Watu hudhani ofisa akiangushwa na koplo nidhamu inavunjika. Peter Blair, mwanamaji wa Marekani aliyepata medali ya shaba Melbourne mwaka 1956, sidhani alifika pale bila kuangushwa na wa chini yake.

Tunausugua mkeka kwa dawa, kisha tunaoga haraka, maji ni ya kuhesabu. Choa kikiingia kwenye meli, vitanda vilivyobanana hivi, kitatembelea kila mtu.

Saa 10 jioni nashika zamu tena hadi saa 12. Bahari tupu, pomboo wawili, basi.

Saa 3 usiku nasoma maagizo ya usiku ya kamanda na kutia sahihi. Kisha nafungua daftari la kuamshwa. Mlinzi wa leo ni yule koplo. Naandika: saa 9:30, usiguse bega, shika mguu.

Atafurahi.