PCBP2 imeniacha hoi leo

Jamani, nimetoka semina ya virusi sasa hivi na sijatulia.

Mada: PCBP2, jeni ambayo sote tunayo, kwenye kromosomu ya 12. Protini yake hushika RNA za seli (nakala za maagizo ya jeni) na kuzisaidia zisiharibike mapema. Kazi ya kawaida tu.

Halafu anaingia polio.

RNA ya kirusi hiki haina ile "kofia", alama ya mwanzoni ambayo ribosomu zetu (mashine za seli za kutengeneza protini) huitafuta. Basi kinaitumia protini ya PCBP2: inajishika kwenye mikunjo iliyo mwanzoni mwa RNA yake, ribosomu zinapanda, protini za kirusi zinaanza kutengenezwa.

Ila kuna shida: RNA hiyo hiyo lazima pia inakiliwe. Ribosomu husoma kutoka mwanzo, kimeng'enya cha kunakili RNA huanzia mwisho. Njia ni moja, kupishana haiwezekani.

Kirusi kinafanyaje? Kinaikata PCBP2! Ina sehemu tatu za kushika RNA. Ya tatu inaondolewa. Iliyobaki haifai tena kwa kutengeneza protini, lakini kwa kunakili RNA bado inafaa vizuri tu.

Tukaonyeshwa picha ya jeli, ile inayotenganisha protini kwa ukubwa, ndogo zikishuka chini zaidi. Juu, mstari mweusi wa protini nzima. Saa za maambukizi zinavyosonga, chini yake unachomoza wa pili, mwembamba. Mtoa mada alishahamia slaidi nyingine, mimi bado niko na ule mstari.

Ujanja gani huu, kwa RNA ya herufi kama 7,500 tu?

Mnaochunguza virusi vya HIV na homa ya ini C, mpo? Nitajieni protini nyingine yetu inayotumikishwa hivi.