Kabla hujakopa ili mtoto akacheze kriketi Uingereza

Fomu ya kuwaalika vijana wa kwetu wakajaribiwe kriketi Uingereza imenifikia tena, safari hii kutoka kwa mama mmoja wa Nairobi. Majaribio ya kaunti Uingereza, wiki mbili, ada pauni 1,800, viza ya mgeni. Zidisha mwenyewe uone ni karo ya mihula mingapi. Anauliza kama akope. Nimekasirika, na leo nitasema kwa kirefu.

Kaunti katika kriketi ya hapa Uingereza ni klabu. Za wanaume wa kulipwa ziko 18: Surrey, Essex, Lancashire na wenzao. Hazingoji kijana wa miaka 19 ashuke kwenye ndege. Mtoto huingia timu ya kaunti ya umri wake akiwa bado mdogo, kwenye miaka 16 anachujwa kwa ajili ya akademi, kisha timu ya pili, ndipo apewe mkataba mfupi wa kuanzia. Wengi wamelelewa na shule za kulipia zenye nyasi kama zulia na makocha waliowahi kuwa wachezaji wa kaunti. Mwaka 2023 tume huru iliyochunguza kriketi ya hapa ilisema bila kuficha kwamba mchezo umejaa ubaguzi wa rangi, wa kitabaka na wa kijinsia. Kijana mzaliwa wa hapa aliyesoma shule ya serikali anapenya kwa taabu, sembuse mgeni wa wiki mbili.

Wanaosema kriketi ni mchezo wa kunywa chai hawajaitazama kazi yenyewe. Michuano mikuu ya kaunti ni mechi 14 kati ya Aprili na Septemba, kila mechi siku nne. Siku moja ni ova 96, na ova moja ni mirusho sita, yaani mipira 576. Mrushaji wa kasi akipewa ova 20 anakimbia mara 120. Akianzia mita 20 nyuma, kwenda na kurudi tu ni karibu kilomita 5, kabla hajafukuza mpira hata mmoja uwanjani. Aprili vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Mpira wa Dukes, chapa inayotumika hapa, una uzito wa gramu 156 hadi 163, ngozi nyekundu iliyotiwa rangi nzito, na mshono wa mistari sita ulioinuka kiasi cha kuusikia kwa ncha ya kidole. Upande mmoja unang'arishwa kwa jasho na kusuguliwa kwenye suruali, mwingine unaachwa uchakae, ndipo mpira upinde hewani. Mate yamepigwa marufuku tangu 2020.

Kinachovunjika ni mgongo wa mrushaji. Kila anapotua mguu wa mbele, uzito wa mwili mara kadhaa unapandia kiunoni huku kiwiliwili kimejipinda, na mfupa wa kijana ambao bado haujakomaa unaanza kupata ufa. Mwanzoni maumivu huwa upande mmoja tu na huzidi akijinyoosha nyuma. Wengi hudhani ni msuli, wanapaka dawa na kuendelea. Huo ni msimu mzima umepotea. James Anderson wa Lancashire alivunjika hivyo 2006, baada ya makocha kumbadilisha namna ya kurusha. Akarudia mtindo wake wa zamani, na alipoagana na timu ya taifa Julai 2024 alikuwa na wiketi 704, yaani wapigaji aliowatoa, katika mechi 188 za Test, zile za kimataifa za siku tano. Hakuna mrushaji wa kasi aliyewahi kufika hapo, na mimi namheshimu mno. Lakini kwa Anderson mmoja, kuna wengi wanaoitwa ofisini Septemba na kuambiwa mkataba hauongezwi, wana miaka 23, ujuzi mwingine hawana.

Malipo nayo yana historia yake. Hadi 1962 wachezaji wa kulipwa na waungwana wasiolipwa walitenganishwa hata majina yao kwenye kadi: muungwana herufi za kwanza za majina yake mbele ya jina la ukoo, wa kulipwa herufi nyuma. Chama cha wachezaji kilianzishwa 1967. Na aliyetumikia kaunti muda mrefu hupewa mwaka wa harambee, sisi tungeuita hivyo: chakula cha jioni, minada, mashabiki wanachanga. Kesi ya James Seymour, mchezaji wa Kent, mwaka 1927 iliamua kwamba fedha za namna ile hazikatwi kodi. Tangu Aprili 2017 msamaha huo wa kodi unaishia pauni 100,000.

Watu wa kwetu wamefika. Basharat Hassan, mzaliwa wa Nairobi, alichezea Nottinghamshire kuanzia 1966 hadi 1985. John Solanky, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa Glamorgan miaka ya 70. Collins Obuya alichukuliwa na Warwickshire mwaka 2003, baada ya kuangusha wiketi 5 huku akiruhusu mikimbio (pointi) 24 tu dhidi ya Sri Lanka palepale Nairobi, kwenye Kombe la Dunia ambalo Kenya ilifika nusu fainali. Kaunti ilimwona kwenye kazi.

Sheria sasa zimebana zaidi. Mchezaji wa nje anahitaji idhini ya ECB, chama cha kriketi cha hapa, ndipo apate viza ya mwanamichezo, na kaunti huwa na nafasi mbili tu za wageni katika mechi moja, ambazo huziweka kwa Waaustralia, Waafrika Kusini na Wapakistani wenye majina. Mlango wa Kolpak, kanuni ya Ulaya iliyowafanya baadhi ya wachezaji wa nje wasihesabiwe wageni na iliyowaingiza wengi kutoka Afrika Kusini, ulifungwa mwisho wa 2020. Viza ya mgeni haimruhusu kijana kuajiriwa na kaunti. Mlioko huku kihalali na watoto, nendeni klabu ya mtaani mapema Aprili. Wanapokea kuanzia miaka 5.

Na wewe mama, mpigie huyo mwenye fomu umuulize: ni kaunti gani, nani wa kaunti hiyo amemwona kijana akirusha, na barua ya ECB iko wapi? Akikwepa swali hata moja kati ya hayo, usikope.