Kwa nini mjusi anakimbia kidogo halafu anasimama

Leo naongelea misuli ya mijusi, mada ambayo nikiianza huwa sinyamazi, so nivumilieni.

Mfukuze mjusi yeyote uani uone. Anachomoka mbio kali, mita chache tu, halafu huyoo kasimama, mbavu zinapanda zinashuka, ukimsogelea anachomoka tena. Wengi tunaona anakupima kama bado unamfuata, na inawezekana kweli anakupima, ila sababu nyingine iko ndani kwenye hizo hizo mbavu. Miguu yake imetokea pembeni, kwa hiyo kila hatua kiwiliwili lazima kipinde kushoto, kulia, kushoto, kulia, na misuli inayokipinda ndiyo hiyo hiyo inayopanua kifua hewa iingie. Kazi mbili, msuli mmoja, kwa wakati mmoja! Haiwezekani. Mmarekani David Carrier alilieleza hili vizuri mwaka 1987: mjusi akiongeza mwendo pumzi inapungua, yaani pale pale anapoihitaji zaidi. Anabaki kukimbia kwa nguvu ambazo hazitegemei oksijeni, na hizo haziendi mbali.

Huo mwendo wa kujipinda ni urithi wa zamani mno, tangu enzi za samaki. Wanyama wengine wameshajinasua kila mmoja kwa njia yake. Sisi mamalia miguu iko chini ya mwili, mgongo unapinda juu na chini, na kupumua tumekabidhi diaframu, ule msuli ulio chini ya mapafu. Mamba ana msuli unaolivuta ini nyuma ili mapafu yapate nafasi ya kujaa.

Lakini anayenifurahisha kuliko wote ni kenge. Mbavu zake hazina nafuu yoyote kuliko za mijusi wengine, bado zinabanwa akikimbia, ila yeye ameazima misuli ya koo! Anatanua koo likajaa hewa, anafunga, anaisukuma hewa kwenda mapafuni, na anafanya hivyo huku anatembea. Chura siku zote anapumua namna hiyo, so mbinu yenyewe ni ya kale, kenge kaifufua tu kwa matumizi mapya. Mwaka 1999 Tomasz Owerkowicz na wenzake walilipima hili, waliweka kenge wa Afrika kwenye mashine ya kukimbilia, halafu wakamzuia asifunge mdomo ili koo lisiweze kusukuma, na hapo hapo akapata shida ile ile ya mijusi wengine. Kwangu hilo jaribio ni zuri sana, umetoa kitu kimoja tu na jibu limejitokeza lenyewe.

Mkiani nako ni vile vile, kitu kimoja kina kazi mbili. Kuna msuli unaitwa kaudofemoralisi, umeanzia kwenye mifupa ya mkia na kushika mfupa wa paja, ukijikaza unauvuta mguu nyuma na mnyama anasonga mbele. Sasa mjusi kafiri anayekata mkia ili apone atafanyaje? Akikatikia pale ulipojishika huo msuli atakuwa amejiharibia na mbio zenyewe. Ndiyo maana sehemu ya mkia iliyo karibu na kiuno haikatiki, panakatika nyuma zaidi kuelekea nchani, na kwa mijusi wanaokata mkia karibu sana na mwili msuli huo umejikusanya huko mwanzoni kabisa. Kenge hakati mkia kamwe, anauhitaji wa kuchapia.

Na msuli huu unaacha alama kwenye paja, alama ambayo inabaki hata mifupa ya mnyama wa kale ikigeuka jiwe. Watafiti Scott Persons na Philip Currie, wakiwa Kanada, walipasua mikia ya reptilia wa leo, kinyonga wakiwemo, wakalinganisha na mifupa ya T. rex, yule dinosaria mkubwa mla nyama, wakaona misuli ya mkia wake ilikuwa minene kuliko watu walivyokuwa wanaichora. Zile picha za dinosaria zenye mkia mwembamba mwembamba mimi siku hizi hata kuziangalia siwezi.