Gauni la mjane wa London: sketi tayari, kifua bado

Sketi imekwisha. Gauni hili nalishona kwa mtindo wa wajane wa Uingereza wa miaka ya 1860, enzi ya Malkia Victoria, ambaye alifiwa na mumewe Albert Desemba 1861 na hakuvua nyeusi hadi naye alipofariki mwaka 1901. Mjane wa kawaida mwenye uwezo aliomboleza miaka miwili na ushei: mwaka na siku moja akiwa amegubikwa krepu, kitambaa cheusi cha msiba, kisha krepu ikipunguzwa, mwishoni akiruhusiwa kijivu na zambarau hafifu.

Krepu ndiyo iliyonitoa jasho. Ya kwao ilikuwa hariri nyeusi nyembamba, iliyopitishwa kwenye roli za moto zenye nakshi hadi ikakunjamana na kupoteza mng'ao. Kampuni ya Courtauld ya Essex ilitajirika nayo. Ikinyeshewa huharibika na kuchuja rangi, kwa hiyo mjane hununua nyingine. Biashara tamu hiyo! Mimi nimetumia shifoni ya poliesta: nimeilowesha, nikaisokota, nikaifunga uzi na kuipiga mvuke. Makunyanzi yamebaki hata ilipokauka.

Sketi yenyewe haina makuu. Vipande vilivyonyooka, marinda mengi, mkanda wa kiunoni. Mwenye kiuno kipana unamlegezea marinda, basi. Kifua, yaani sehemu ya juu ya gauni, ndicho kinachonisumbua: lazima kibane mbavu, mshono wa bega ushuke kuelekea mkononi, na kikae juu ya koseti, vazi la ndani la kubana kiuno, bila kujikunja popote. Hapo ndipo nilipouelewa ujanja wa maduka ya nguo za msiba ya mtaa wa Regent Street, London, kama Jay's lililofunguliwa 1841. Kifo hakimsubiri fundi, na familia ilitaka nyeusi haraka. Duka likauza sketi iliyoshonwa tayari pamoja na kitambaa cha kifua ambacho hakijashonwa, ukampelekee fundi wako. Majoho na kofia, visivyodai vipimo vya karibu, vilikuwa tayari dukani. Wengi huipa cherehani sifa zote za kuleta nguo za dukani. Ilisaidia, sikatai, ila cherehani haipimi kwapa.

Sasa nakata kifua cha majaribio kwa kitambaa cha marekani, nikibane kwa pini kwanza. Vifungo ninavyo tayari: vyeusi, visivyong'aa.