"Si ni majani tu?" Siku moja na mkulima wa seji

Siku yangu huanza kwa kungoja. Saa 12 asubuhi niko kwenye matuta, mkasi mfukoni, na sikati kitu. Jani la seji, mmea wa majani ya dawa ambao Waingereza huuita sage, ni la kijivujivu, lina vinyweleo, ukilipapasa ni kama fulana iliyofuliwa miaka mingi. Vinyweleo hivyo hushika umande. Ukivuna likiwa na maji litageuka jeusi kabla halijakauka, na kazi yote imekwenda bure. Basi napalilia, nageuza majani kutafuta inzi weupe na ule unga mweupe wa ubwiri, ugonjwa wa ukungu.

Kumwagilia? Mara chache mno. Asili ya mmea huu ni vilima vya mawe vya kandokando ya Mediterania. Umezoea jua na udongo usiotuamisha maji. Mwaka wangu wa kwanza niliua mashina 40 kwa huruma ya ndoo.

Saa 3 mpaka saa 5 nakata. Nakata ncha laini tu, maana ukishuka mpaka kwenye shina lililokwisha kuwa mti, huenda lisichipue tena. Mgongo unajua hesabu ya matuta kuliko mimi.

Saa 6 nachambua na kutandaza kwenye chekeche, kivulini, jani lisilalie jani. Watu huniuliza kwa nini sianiki juani yakauke siku moja. Jua kali hulikausha haraka, ndiyo, lakini linaondoka na mafuta yake, na mafuta ndiyo dawa yenyewe. Utabaki na nyasi.

Saa 7 na robo, kijiko cha kwanza cha chakula mkononi, akaja mteja.

"Dada, nataka seji. Ile kali kabisa."

Nikamuuliza ya nini. Koo. Koo la nani? La mke wake. Mpaka hapo sawa. Kusukutua koo ndiyo kazi ambayo jani hili limefanya kwa karne nyingi. Nikashika pakiti, nikaanza maelezo yangu ya kila siku: kijiko kimoja cha chai, kikombe cha maji yaliyochemka, funika dakika 10, chuja.

"Asukutue tu? Mimi nataka anywe. Vikombe vitano, sita kwa siku, apone upesi. Au nipe mafuta yake, si ndiyo makali zaidi?"

Nikaweka pakiti chini. Mafuta ya seji yana kemikali iitwayo tujoni, na tujoni ikizidi mwilini huweza kumwangusha mtu kwa degedege. Siyauzi ya kunywa. Akacheka. Akatoa simu akanisomea kwamba jina la mmea, *Salvia*, linatokana na neno la Kilatini la kuokoa. "Sasa kitu kinachookoa kitadhuru vipi? Si ni majani tu?"

Hata tumbaku ni majani, nikamwambia.

Akabishana. Akataka kupunguziwa bei ya kitu ambacho nilikuwa nimekataa kumuuzia. Chakula changu kinapoa. Halafu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akasema hana muda, mtoto amelala na mama yake ana usingizi wa kuibia tangu ajifungue.

"Mtoto ana muda gani?"

"Miezi miwili."

Ananyonya? Ananyonya, tena sana. Nikamweleza taratibu: tangu zamani, mwanamke anayetaka kumwachisha mtoto ziwa hunywa chai hii maziwa yakauke. Vikombe sita! Mjamzito pia simuuzii, wala mwenye kifafa. Akaniangalia kama niliyemficha jambo hilo makusudi.

"Kwa hiyo nirudi mikono mitupu?"

"Rudi na chumvi. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akizidiwa aende hospitali."

Aliondoka amenuna. Ugali ulikuwa umekauka kuliko seji yangu.

Baada ya hapo siku ikanivurugikia. Wingu likatanda, nikaingiza chekeche ndani moja moja, wingu likapita bila tone, nikazitoa tena. Sikumbuki nilipanda vipandikizi kabla au baada ya hapo. Najua vilikuwa 60, kila kimoja urefu wa kidole, majani ya chini yamenyofolewa, na kwamba vitachukua wiki nne au zaidi kutoa mizizi. Majani niliyotandaza wiki iliyopita nikayajaribu kwa vidole: jani likivunjika kwa mlio limeiva, likijikunja lirudi. Nusu yakarudi.

Giza liliponikuta nilikuwa nafunga pakiti. Mikono inanuka seji hata nikiosha kwa sabuni mara tatu. Simu ikalia, ujumbe kutoka kwa yule bwana: "Chumvi imemsaidia. Sasa koo linaniwasha mimi, na mimi sinyonyeshi."

Nikamuuliza kama ana kifafa.