Trela la Bei Nafuu Nyuma ya Pikipiki: Safari ya Kuvuka Milima

Mzigo niliotakiwa kuufikisha upande wa pili wa milima ulikuwa zana za useremala za binamu yangu: randa, misumeno, patasi, keekee na jiliwa zito la chuma, pamoja na hema na vyombo vyangu vya kulalia njiani. Mabegi ya pembeni ya pikipiki yasingetosha hata kwa nusu ya vitu hivyo, na kulifunga jiliwa juu ya kiti, mbali na ardhi, kungeifanya pikipiki iyumbe katika kila kona. Kwa hiyo niliamua kuukokota mzigo badala ya kuubeba, nikitumia trela dogo la bei nafuu, la aina inayouzwa vipande vipande ndani ya boksi ili mnunuzi aliunganishe mwenyewe kwa spana. Nililipenda trela hilo tangu mwanzo, na bado ninaamini kwamba linafaa kabisa kwa safari ndefu, mradi mwenyewe ajue ni mahali gani hasa mtengenezaji alipopunguza gharama.

Siku ya kwanza barabara ilikuwa ya lami na tambarare, nami niliitumia kujifunza mwendo mpya. Jambo ambalo dereva wa pikipiki hulitambua mapema anapokokota ni kwamba njia yake moja imekuwa njia tatu. Amezoea kuchagua mstari mwembamba kati ya mashimo, lakini sasa magurudumu mawili ya trela yanapita kulia na kushoto kwa mstari huo, na shimo alilolikwepa kwa ustadi ndilo litakalolipokea tairi la trela. Nililazimika kutazama mbele zaidi kuliko kawaida, na nikaona kwamba shimo dogo la pekee ni afadhali kulikwepa kwa karibu, lipite kati ya mstari wa pikipiki na tairi moja la trela, kuliko kulikwepa kwa mbali. Matuta nayo hugongwa mara tatu, na pigo la tatu huja wakati ambapo mkono tayari unataka kuongeza mafuta. Nilijifunza kusubiri mpaka trela nalo liwe limeshuka.

Kituo cha kwanza kilikuwa cha kukagua beringi. Matairi ya trela langu ni ya kipimo cha 4.80-8, yaani ringi ya inchi 8, na kipenyo chake cha nje ni kama sentimita 41, ilhali gurudumu la nyuma la pikipiki yangu lina kama sentimita 64. Maana yake ni kwamba katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa gurudumu la pikipiki huzunguka kiasi cha mara 660 kwa dakika, na yale madogo ya trela huzunguka zaidi ya mara 1,000. Beringi za trela nafuu zinaweza kufika zikiwa na grisi kidogo sana, ya kuzuia kutu tu, na kwa mizunguko kama hiyo haziwezi kudumu. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimezitoa zote, nikazisafisha, nikazijaza grisi mpya hadi katikati ya gololi, kisha nikazikaza kwa kiasi ambacho gurudumu lilizunguka kwa wepesi bila kucheza. Njiani kazi iliyobaki ilikuwa kuweka kiganja juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, kila niliposimama. Habu yenye uvuguvugu haina tatizo. Isiyoshikika kwa moto inataka kufunguliwa papo hapo. Zangu zilibaki na uvuguvugu tu, na kila mara nilipoondoa kiganja changu nilijisikia nimepata ruhusa ya kuendelea.

Mchana upepo wa ubavuni ulianza kuvuma na malori yakaongezeka. Lori kubwa linapoipita pikipiki husukuma hewa kwanza na kuivuta baadaye, na trela huhisi yote mawili kwa kuchelewa kidogo. Lililinda utulivu wake kwa sababu ya jinsi nilivyolipakia. Trela lenye uzito mwingi nyuma ya ekseli huanza kuyumba kama mkia, na kuyumba huko huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, hadi likaiyumbisha pikipiki yenyewe. Ndiyo maana jiliwa liliwekwa chini kabisa, mbele kidogo ya ekseli, na vitu vyepesi kama hema vikawekwa nyuma na juu. Trela na mzigo wake vilikuwa kilo 120 kwa jumla, na mkono wa trela, nilipoulaza juu ya mizani ya kupimia watu, ulisoma kilo 12, yaani asilimia 10, kiwango ambacho wakokotaji wengi hukichukua kuwa cha chini. Sikutaka kuzidisha zaidi ya hapo, kwa sababu uzito huo unakaa nyuma ya gurudumu la nyuma na hulipunguzia mzigo gurudumu la mbele. Kwa vipimo vya pikipiki yangu, kilo hizo 12 huondoa kama kilo 5 mbele, jambo linalovumilika.

Kuhusu uzito wa jumla, sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, na ziko zisizoruhusu pikipiki kukokota kabisa, kwa hiyo msafiri hana budi kuuliza kabla ya kununua. Mimi nilijipimia kwa kanuni za Uingereza, ambazo zinataka trela na mzigo wake visizidi kilo 150 au theluthi mbili ya uzito wa pikipiki, kutegemea kipi ni kidogo, na upana usizidi mita 1. Pikipiki yangu ina kilo 230, hivyo nilikuwa ndani ya mpaka huo.

Kona za mlimani ndizo zilizonionyesha thamani ya kiungo. Gari halilali linapokata kona, na tufe la kukokotea la magari hutengenezwa kwa kuzingatia hilo: kikombe cha trela huweza kuzunguka kiasi fulani tu juu ya tufe kabla ya chuma kugongana na chuma. Pikipiki hulala sana, na kiungo kikifika mwisho wake katikati ya kona kinaweza kuizuia isilale zaidi au kujaribu kuchomoka. Kwa sababu hiyo niliweka katika mkono wa trela kiungo kinachozunguka chenyewe, ili pikipiki ilale itakavyo na trela libaki limesimama wima. Mafundi kadhaa walinishauri nisijisumbue nacho. Baada ya kupanda mlima ule mzima nikiegemea kushoto na kulia bila kuhisi kizuizi chochote, ningekiweka hata kama kingekuwa ghali kuliko trela lenyewe. Chini yake nilikuwa nimekatiza minyororo miwili ya usalama kwa umbo la msalaba, ili mkono wa trela, kama ungefunguka, uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

Kupanda kulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia: gia ya chini, mzunguko wa injini wa wastani, na subira. Kazi ya kweli ilianza katika mteremko. Trela langu halina breki zake, hivyo breki zilezile zilizokuwa zikisimamisha kilo 310 za pikipiki pamoja nami sasa zilitakiwa kusimamisha 430. Hata hivyo nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, na hapo ndipo msafiri anapopata nafuu: kilo 430 katika mwendo wa kilomita 85 kwa saa zina nguvu karibu sawa na kilo 310 katika mwendo wa 100. Nilipunguza kasi zangu zote kwa uwiano huo, na katika mteremko nikapunguza zaidi. Nilishuka kwa gia ya chini, nikiiacha injini ishike uzito, na nilimaliza kufunga breki kabla ya kona kuanza, kamwe si ndani yake, kwa kuwa trela linalosukuma wakati pikipiki imelala humsukuma dereva nje ya mstari wake.

Baada ya mteremko lami iliisha na changarawe ikaanza. Springi za trela nafuu hukusudiwa kubeba mamia ya kilo nyuma ya gari, na chini ya mzigo mwepesi hazipindi hata kidogo. Trela hurukaruka, na zana zilizomo hugongana hadi kuharibika. Nilikuwa nimeondoa bapa moja kati ya mabapa ya chuma yanayounda kila springi, na mahali pale nikapunguza pia upepo wa matairi. Ubavuni yaliandikwa kiwango cha juu cha psi 60 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), lakini kiwango hicho ni cha mzigo kamili, na kwa wangu psi 25 zilitosha. Mruko ulipungua mara moja. Mvua ilinikuta hukohuko, na turubai nililolifunga kwa kamba kuanzia mbele kwenda nyuma, ili upepo usipate mdomo wa kuingilia, liliziacha randa zikiwa kavu kabisa. Taa nazo zilibaki zikiwaka, kwa kuwa nyaya nyembamba za kiwandani nilizibadilisha na kuzipitisha ndani ya bomba la plastiki.

Kuegesha kunahitaji akili ya peke yake. Hakuna anayeweza kurudisha nyuma pikipiki yenye trela mlimani akiwa peke yake, kwa hiyo sikuingia mahali popote kabla ya kuona nitakakotokea. Penye mteremko nilielekeza pikipiki juu, nikaiacha kwenye gia na kuweka mawe nyuma ya magurudumu ya trela. Ikielekea chini, trela huisukuma mbele na stendi ya pembeni inaweza kujikunja.

Binamu yangu alizipokea zana zake, akajaribu makali ya patasi kwa kidole gumba, akaanza kuuliza kuhusu trela kuliko kuhusu mimi. Tulilipindua palepale na kukagua matairi, yaliyokuwa yamelika sawasawa pande zote mbili, ishara kwamba ekseli ilikuwa imekaa mraba na fremu. Kwa safari ya kurudi, trela likiwa tupu, nilishusha upepo hadi psi 18 na kulifungia gunia la mchanga mbele ya ekseli, ili mkono wake uendelee kuwa na uzito.