Dola 149 kwa Mifuko Mitatu ya Kambamiti

Jumamosi iliyopita nililipa dola 148 na senti 98 kwa chakula cha watu watatu, na mpaka leo risiti ile iko mezani kwangu kwa sababu nimeshindwa kuitupa. Mpwa wangu, aliyewasili hapa Houston, Texas, mwezi uliopita kutoka Bagamoyo, alikuwa ameona kwenye simu watu waliovaa glavu wakifungua mifuko ya plastiki iliyojaa kambamiti, kaa, mahindi na viazi vinavyochuruzika siagi, akaniomba nimpeleke, nami sikuona namna ya kumkatalia mgeni. Chakula chenyewe kilikuwa dola 118. Kodi ya asilimia 8.25 ikaongeza dola 9.74, na bakshishi ya asilimia 18, ambayo hakuna aliyetuuliza kama tungependa kuitoa, ikaongeza dola 21.24. Mimi hulipwa dola 17 kwa saa ghalani, kwa hiyo mlo ule ulikula karibu saa tisa za kusimama, kabla serikali haijachukua chake. Mpwa wangu alipiga hesabu ya shilingi kimya kimya, na baada ya hapo hakugusa tena mfuko wake.

Hata hivyo, bei siyo iliyoniuma zaidi. Nimekulia mahali ambapo wanawake hutanda uduvi maji yakiwa magotini, huku kambamiti wakubwa wakipakiwa kwenye barafu kupelekwa Dar es Salaam, kwa hiyo ninamjua kamba aliyepikwa akakolea, na ninamjua aliyechemshwa kwa maji matupu kisha akamwagiwa mchuzi wa siagi. Wale tuliouziwa walikuwa wa namna ya pili: ganda linawaka pilipili, lakini nyama ya ndani haina hata chumvi, nao wamejikunja kama pete, dalili kwamba walikaa motoni kupita kiasi. Soseji ilikuwa ya nguruwe, jambo ambalo menyu haikulitaja na ambalo tuliambiwa tulipouliza, wakati mfuko mmoja umekwisha kufunguliwa. Hatukuula, lakini tuliulipia.

Chakula hiki asili yake ni cha uani, si cha mgahawa. Katika jimbo jirani la Louisiana hupikwa kwa kamba wadogo wa maji baridi, yasiyo na chumvi, wanaofugwa kwenye mashamba ya mpunga, na msimu wao unapofika jamaa na majirani hukusanyika, sufuria moja ikamwagwa juu ya meza iliyotandikwa magazeti. Hapa Houston Wavietnamu, ambao walianza kufika kwa wingi baada ya vita vyao kumalizika mwaka 1975 na baadhi yao wakawa wavuvi wa kamba katika Ghuba ya Meksiko, wakaongeza siagi, vitunguu saumu na mchaichai. Naam, mchaichai huu huu wetu wa chai, na ukiuponda kidogo ukautia katika maji ya kuchemshia, nyumba nzima inanukia.

Aliyenifundisha kukipika ni jirani yangu, mama mtu mzima mwenye asili ya Louisiana. Aliposikia yaliyotupata, Jumapili alasiri aligonga mlango akiwa amebeba sufuria lake kubwa la alumini, akasema nisinunue jingine. Miaka miwili tulikuwa tunasalimiana tu kwenye ngazi.

Siri aliyonionyesha ni kwamba ladha huwekwa kwenye maji, si juu ya ganda. Tulitia maji lita 8 na kikombe kizima cha chumvi, yakawa na ukali wa maji ya bahari, kisha vitunguu vilivyokatwa vipande viwili viwili, vichwa vinne vya saumu, malimau, majani makavu ya kiungo yaitwayo "bay", pilipili manga, pilipili ya unga, paprika, haradali, mbegu za giligilani na karafuu chache nilizoletewa kutoka nyumbani. Maji hayo yalichemka peke yake dakika 20 na viungo hivyo kabla ya kutiwa chakula chochote. Viazi vidogo vilitangulia kwa dakika 15, vikafuata kaa na soseji za ng'ombe nilizonunua duka la halali, kwa dakika 10, halafu mahindi kwa dakika 5. Kambamiti waliingia mwisho, na mama yule alisimama juu ya sufuria akihesabu. Zilipotimia dakika 2 wakaanza kugeuka rangi, akazima moto na kumwaga bakuli la barafu ili wasiendelee kuiva. Nilitaka kupakua, akanishika mkono. Walikaa humo dakika 15 zaidi, moto umezimwa, wakinywa yale maji, na hapo ndipo chumvi na pilipili zinapofika kwenye nyama.

Tulikula watu sita. Ratili tatu za kambamiti zilinigharimu dola 18, kaa sita dola 12, na vilivyobaki vyote, pamoja na siagi ya kuchovya, dola 23. Vyakula vibichi vya namna hii havitozwi kodi ya mauzo hapa Texas. Kamba nunueni waliogandishwa kwenye mifuko, kwa sababu wengi wa wale wanaopangwa juu ya barafu dukani nao waligandishwa, wakayeyushwa tu ili wapendeze macho. Na ninyi mnaojiandaa kuja, bei mnayoiona kwenye menyu msiishike kama bei ya kulipa; ongezeni robo yake kichwani kabla hamjakaa kitini, na wiki ya kwanza nunueni sufuria kabla ya televisheni.

Mpwa wangu alimenya kamba mmoja, akafyonza kichwa chake, akaniambia, "Mjomba, huyu ndiye." Alikula mpaka mahindi yakaisha. Maji yaliyobaki niliyachuja, nikayapunguza makali kwa maji mengine, nikayapikia wali wa nazi jana usiku. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, kwa hiyo asubuhi hii nimeliosha sufuria, nikaweka ndani yake bakuli la wali huo lililofunikwa, na mpwa wangu ndiye aliyelipeleka.